Kalibu ya Mbwana

Mbwana, swahibu yangu,

Sijui huko uliko barua husomewa na nani. Huku hukupenda kusoma hata karatasi ya umeme. Ulikuwa ukinitupia mimi: "Athumani, hebu niambie wamesemaje hao." Basi na hii nitaisoma mwenyewe kwa sauti, hapa uwanjani kwako, na wewe sikiliza kwa kawaida yako, yaani nusu.

Arobaini yako imesomwa jana. Watu walijaa mpaka barazani kwa jirani, na pilau ikatosha, jambo ambalo wewe usingeliamini kwa jinsi Wadigo tulivyokuwa wengi. Niliwatania ndugu zako Wabondei kama mila inavyotaka. Niliwaambia marehemu amekufa makusudi ili akwepe kuchimba udongo masika hii. Walicheka sana. Mimi nikaenda nyuma ya tanuri nikalia, nikarudi, nikaomba chai.

Kazi inakwenda, lakini inakwenda kwa kuchechemea. Zaina ndiye anayefungua mlango asubuhi siku hizi, na rangi anapaka vizuri kuliko mimi, ila usimwambie. Udongo wa Maramba umeletwa umejaa changarawe kwa sababu aliyekuwa akimgombeza mchukuzi hayupo. Mimi nilijaribu kumgombeza, akaniuliza kama naumwa. Na wapita njia bado wanachungulia na kuuliza, "Sasa anafuata nani kufinyangwa?" Zamani ulikuwa ukiwajibu, "Anafuata anayeuliza," nao wanakimbia. Mimi nawaambia tu kwamba bado.

Unakumbuka tulivyoanza? Ulikuwa ukiziba pancha pale pembeni, Ngamiani, na mama yako, Mungu amrehemu, akifinyanga vyungu humu uwanjani. Ulikuwa unaona haya kushika udongo kwa sababu kwenu ufinyanzi ni kazi ya wanawake. Ukawa unaushika kwa wizi. Siku moja nakuja barazani nakuta watu wamekizunguka kijimtu kisichozidi shubiri moja: tumbo mbele, mwavuli kwapani, kanzu imepanda nyuma. Uso hakina, laini kama yai, lakini kila aliyepita alisema, "Athumani huyu!" Nilinuna, wallahi. Kisha mgeni mmoja wa Mombasa akataka kukinunua, nikasema siuzwi, wewe ukasema nauzwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa mikutano yetu yote ya kuanzisha kampuni.

Mama yako alikubali kwa sharti moja. Alisema, "Macho usiwatie. Ukiwatia macho, kesho utaambiwa uwatie na roho, na roho huna." Basi hatukuwatia macho, hatukuwatia pua wala mdomo. Watu wa mbali walidhani ni mtindo. Kumbe ulikuwa unamwogopa mama, na mama alikuwa anamwogopa Mungu. Lakini ilikufanya uwatazame watu kwa namna nyingine: muuza kahawa kwa bega lake lililolemewa na dele, fundi cherehani kwa shingo, Bi Rukia wa vitumbua kwa jinsi alivyokaa kwenye kigoda huku mguu mmoja ameunyoosha kwa sababu ya goti. Kila mmoja ulimwomba ruhusa kwanza, na kijimtu chake cha kwanza alipewa yeye mwenyewe. Watu wakaanza kuwakusanya, wa Dar, wa Unguja, hata Wazungu. Yule mama wa Moshi alituletea picha ya kabati lake, Ngamiani nzima imepangwa kwenye rafu, na mimi katikati na mwavuli wangu.

Halafu Bi Rukia akafa. Tulizika, tukarudi kazini, na hakuna aliyefikiria lolote. Tukabonyeza udongo kwenye kalibu yake, ile plasta yenye umbo lake kwa ndani, kama za wengine, tukachoma, tukapaka rangi, tukaanika juani. Zaina, binti yake, alikuwa anapita na ndoo ya maji. Aliiweka chini. Alisema, "Mama yangu hata kaburi halijakauka, nyinyi mnamtoa mpya?" Ulikwenda ndani ukaleta kalibu ya plasta na nyundo, ukaivunja mbele yake. Tangu hapo ikawa ndiyo ada yetu: mtu akifa, arobaini yake ikishasomwa, kalibu yake inavunjwa hadharani na hafinyangwi tena. Ulisema maiti hapigwi picha kila siku, aachwe apumzike. Na Zaina mwaka ule ule akaja kuomba kazi.

Sasa wewe.

Miaka yote ulikataa kujifinyanga, ukisema utajipendelea. Ni mimi niliyekulazimisha. Ukajitengeneza umechutama, suruali umeikunja, ndara moja mguuni na nyingine sijui iko wapi, donge la udongo mkononi. Kijimtu hicho kilinunuliwa kuliko vyote. Na baada ya msiba, yule bwana wa Dar mwenye duka la zawadi akapiga simu, mpole sana, akatoa pole kwanza. Kisha akasema mwasisi akifa ndipo watu wanamtafuta. Anataka akina Mbwana wengi, na safari hii, kama hatutajali, wawe na sura. Nilimwambia sura aliyekuwa nayo marehemu isingeuza kitu. Alicheka, akadhani nimekubali. Simu ile niliikata nikamwambia Zaina hapana, hatutafanya. Nilisema kwa sauti kubwa kabisa. Lakini nikuambie kweli: mimi mwenyewe nilikuwa sitaki kalibu yako ivunjwe. Si kwa biashara. Nilitaka tu iwepo. Nilitaka nikijisikia vibaya niweze kubonyeza udongo, nifungue, na wewe uwe umechutama pale.

Jana baada ya dua watu wakasogea uwanjani, wakaningoja. Mkeo yumo edani, kwa hiyo alikaa ndani nyuma ya mlango wa uani, mlango umeegeshwa. Nikaiteremsha kalibu kutoka juu ya kabati, bado imefungwa kwa ule mpira wa tyubu ya baiskeli, na nilipoishika kitu kikagonga ndani.

Nikafungua. Mbwana, ulikuwemo.

Ndipo nilipokumbuka. Ile alasiri yako ya mwisho ulikuwa umebonyeza udongo, umeunga, umefunga mpira, ukasema, "Athumani, mkono umelala." Nikakutania kwamba umeuzidi mkono kwa uvivu. Tukakupakia kwenye bajaji kwenda hospitali, hukurudi, na hakuna aliyekumbuka kufungua kalibu. Udongo ulikauka mlemle, ukanywea, ukaachia. Nilikigeuza kijimtu nikatazama kwa chini kwenye uwazi wake, na ndani kumejaa alama za vidole vyako. Gumba lako la kulia, lile lenye kovu la tairi, limejipiga mhuri kila mahali. Vyote tulivyouza vilikuwa hivyohivyo ndani, na mimi sikuwahi kuchungulia hata kimoja.

Nyundo niliipiga. Kalibu imevunjika vipande, hilo ulijue. Lakini kijimtu kilibaki mkononi mwangu, na ada yetu haikusema lolote juu ya kilichomo ndani. Mmoja akasema kichomwe, awekewe mjane. Mwingine akasema hapana, ni kulekule kumtoa mpya. Nikampa Zaina ampelekee mkeo aamue, maana mimi nilishajua nataka nini, nilitaka kukichoma kwa moto wa makumbi ya nazi polepole na kukificha kwangu mpaka nife.

Zaina alikaa ndani kitambo. Alirudi nacho amekifunika kwa khanga, na sauti ya mkeo ikatoka nyuma ya mlango, imetulia kabisa: "Shemeji, mume wangu mimi nilikwisha kumzika. Bado wewe. Fanya moyo wako unavyokutuma."

Watu wakaanza kutawanyika kwa adabu, kila mtu amekumbuka ana shughuli. Nikabaki na ndoo ya maji tunayolowekea mabaki. Nilikikalisha kijimtu kwenye viganja, gumba langu nikaliingiza ndani kwenye alama ya lako. Alama ilinipwaya kidogo. Nikakizamisha. Unajua udongo mkavu unavyokunywa maji kwa pupa, ulianza kutoa mapovu, donge la mkononi likaenda kwanza, kisha magoti, kisha kichwa. Niling'ang'ania alama ile peke yake. Nilikaa nimeinama hivyo hivyo, mpaka gumba langu likawa haligusi kitu ila maji.

Nililia kwa sauti, Mbwana, kama mtoto aliyepotea sokoni, na sikuona haya. Zaina alinisikia akaniacha.

Naogopa nitakusahau. Naogopa kuna siku nitashindwa kukumbuka ulivyochutama, ni mguu upi uliokuwa na ndara. Lakini nakuahidi sitakufinyanga tena, hata kwa siri, hata kwa ukubwa wa kidole, na atakayeniomba nitamweleza kwa mdomo wangu huu unaoujua kwa uongo. Mungu akupe nuru kaburini na akupanulie mahali pako. Jana ndiyo nimekuzika.

Athumani