Zebaki ya Baba na Sindano ya Kuluthum

Likoni, Mombasa
14 Machi 1961

Mpendwa kaka Yeslam,

Shikamoo, kaka. Natumai barua hii itakukuta huko Dar es Salaam ukiwa mzima, na kile kifua kimepoa. Sisi sote hatujambo, alhamdulillahi, ila Baba na ile mikono yake. Siku hizi kahawa twamtilia kwenye bakuli, maana kikombe humwagika kabla hakijafika mdomoni.

Barua yako niliipata. Umesema katika ghala la dawa unakofanya kazi umesoma kwenye sanduku la chanjo ya kifaduro kwamba imetiwa zebaki, ukaniapisha kwa jina la marehemu Mama nisimpeleke mwanangu kuchomwa. Wallahi niliogopa. Nilikaa na Kuluthum mapajani, mawazo yakanirudisha kwenye duka la usonara la Baba, alipokuwa akitutilia tone la zebaki kwenye sinia tulifukuze kwa vidole. Lagawanyika, lakimbia, lakutana tena, lang'aa. Nikawa naliona likikimbia hivyo hivyo ndani ya mkono mwembamba wa mtoto. Kuzinduka, wali umeungua. Mume wangu alikula ukoko siku mbili.

Basi sikumpeleka. Wiki iliyofuata mtoto wa jirani yetu Mwanasaumu akashikwa na kifaduro. Kaka, wewe hujakisikia kikohozi kile. Mtoto hukohoa mpaka akabadilika rangi, kisha huvuta pumzi kama aliyeibuka kutoka chini ya maji. Ukuta wetu na wao ni mmoja.

Nikaenda zahanati peke yangu, kwa nia ya kugombana juu ya zebaki hiyo. Muuguzi, Kadzo, hakukasirika.

"Mama Kuluthum, chupa hii moja yachoma watoto kumi," akaniambia. "Yadungwa na kudungwa. Pasipo kitu hicho uchafu wamea ndani, na mtoto wa kumi yuapata usaha. Nacho ni kidogo mno, wala si kama zebaki ile ya sonara."

Nilirudi nimeridhika nusu. Njia nzima wewe na Kadzo mlibishana kichwani mwangu, na wewe, samahani, ndiwe uliyepiga kelele zaidi. Nikamweleza Baba. Akaitazama mikono yake.

"Mimi nimevuta moshi wa zebaki miaka thelathini, nikiichoma kuvisha fedha dhahabu," akasema. "Yule atachomwa tone. Nipa mwana."

Alimbeba mwenyewe. Kadzo alitaka nimpakate mimi, Baba akakataa. Mikono ikatetemeka kama kawaida yake, na Kuluthum akadhani anabembelezwa. Alilia sindano ilipoingia, kisha akalala mumo humo mikononi. Leo ni siku ya tisa, mkono haujavimba, na yuacheka.

Usinikasirikie, kaka. Nisalimie wifi Ruwaida na Jamaludin mdogo. Mwenyezi Mungu akulinde na kukurudisha kwetu salama. Zimebaki sindano mbili, na Baba hataki mtu mwingine ampakate.

Nduguyo akupendaye daima,
Alawiya