Sokoni Arusha Hakuna Mfanyabiashara

Dada Zaina, hujambo na wanao? Mimi mzima, ila baridi ya huku inauma kama siafu.

Jana sokoni alikuja mzungu, akasema yeye ni mwanafunzi wa chuo kikuu kwao. Mwanafunzi ana upara! Eti anachunguza wafanyabiashara wanaisaidiaje nchi. Sote tukajua huyu mpelelezi wa leseni, na mimi sina. Nikikamatwa nalala ndani.

Akamwuliza mama wa Kimeru jirani yangu, "Mama, wewe ni mfanyabiashara?"

"Mimi? Nimepumzika tu na ndizi zangu."

Akanigeukia mimi, "Na wewe?"

"Mimi mgeni, bwana. Viatu hivi vya matairi navaa mwenyewe."

"Vyote hivi?"

"Natembea sana."

Akaandika. Kugeuka aondoke, matope ya masika yakamng'oa soli. Akarudi na soksi imelowa. "Tafadhali, niuzie pea moja."

Soko zima likatega sikio. Nikasema, "Kuuza siuzi, bwana. Zawadi natoa."

Kumbe mwanafunzi ana akili! Akavaa, na yeye akanipa zawadi, ya shilingi.

Mama wa ndizi akapiga kelele, "Baba, hata mimi napokea zawadi!"

Nibusie watoto, Mungu akuzidishie afya.

Mdogo wako,
Shabani