Namba Ambayo Cucu Haitaji

Gakindu, Mukurweini
14 Juni 2025

Mpendwa Tata Warigia, shangazi yangu,

Hujambo huko Doha? Najua joto la huko sasa ni la kuchoma. Hapa kwetu baridi inatuuma vidole tukichuma kahawa. Dada Nyawira anakaribia kujifungua, naye Cucu, bibi yangu na mama yako, amekuwa mkali kama pilipili.

Ile laptopu uliyonitumia nusura iwe pambo. Cucu alitangaza kwamba masomo yangu ya kompyuta kule Karatina ni mchezo tu, na Jumatatu niende Kangari kumsaidia Mjomba Muchiri dukani. Nililia, Tata. Nilimsihi hadi akakubali nimwonyeshe kitu nilichotengeneza mwenyewe. Kikimridhisha, nitaendelea kusoma.

Basi nikaandika programu ya kubahatisha namba. Kompyuta inaficha namba kati ya moja na kumi. Ukikosa, inakuambia upande au ushuke. Ukikosa mara tano, umeshindwa. Niliapa sitaandika ila atakachotaja yeye.

Cucu akaketi mbele ya kompyuta jana baada ya chai. "Ati imeficha? Mimi nitaitoa."

Akasema tano. Ikamwambia apande. Kenda; ashuke. Sita, apande. Nane, ashuke. Ndipo nikaona iliyobaki. Mimi niliyelelewa na Cucu, nilisahauje kwamba saba haitajwi nyumbani kwake, eti huleta mkosi? Akihesabu mayai husema sita, anakohoa, kisha nane. Na Nyawira alikuwa ameketi papo hapo na tumbo lake!

Cucu akaiinamia skrini. Nilijua akiinuka tu, mimi ni wa Kangari. Nilimtazama kwa jicho la pembeni. Alivikagua vitufe kimoja kimoja, akaubana mdomo, akanyoosha kidole na kubonyeza mwenyewe.

Kompyuta ikaandika: Umepata!

"Mimi sijasema kitu," Cucu akasema, akijifunga leso. "Na hiyo namba uitoe. Jumatatu ukienda Karatina, ambia mwalimu hii yetu haina."

Nilimkumbatia hadi akanifokea. Nimeshaitoa, Tata. Sasa kompyuta yangu nayo inatoka sita kwenda nane, ila haikohoi.

Nyawira anakusalimu sana, na Mjomba Muchiri pia, ingawa amenuna kwa kukosa msaidizi. Msalimie na mwenzako Kinuthia huko. Mungu akufunike kwa mkono wake hadi siku utakaporudi kwetu.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Wachuka