Katuni Isiyo na Mama

Chebet wangu wa mchana,

Jumapili ulinipigia simu ukauliza ng'ombe, ukauliza baba yako, ukauliza goti langu, halafu ukasema, "Mama, na ile katuni, mwishowe uliionaje?" Nikasema ni nzuri. Ukasema haya basi, lala salama, na jua lilikuwa bado juu ya majani chai. Tangu hapo sina amani. Mtu haambii mamake lala salama mchana kama hakuna kitu. Kwa hivyo nimeshika kalamu nikujibu vizuri. Unajua mimi na shule tuliachana mapema, uvumilie mwandiko. Bahasha sina. Faith wa jirani ataipiga picha akutumie kwa simu, kwa hivyo hii ni barua ya wazi, na mama yake ashaisoma hadi hapa.

Unakumbuka ile likizo yako, ulipotoka kazini Kisumu na mvua ikatufungia ndani? Tukimaliza kukamua, ulikuwa unaegemeza kompyuta kwa mkebe wa sukari, tunajifunika blanketi moja, na Wajapani wanaanza. Mdomo unasema Kijapani, chini kunapita Kizungu, na mimi nikishika neno la kwanza yale mengine yashakimbia. Ukawa unanisomea kwa Kiswahili. Na kwa sababu majina yao yananiuma ulimi, niliwapa ya kwetu. Yule msichana wa nywele fupi anayenusa kila kitu kama ng'ombe kwa chumvi, nikamwita Chepng'eno. Yule kijana mrefu anayefika shuleni amechelewa, wakati ng'ombe wanarudi boma, nikamwita Kiprotich. Si kwetu mtoto anaitwa kwa saa au mahali alipokuja? Wewe ulikuja jua likiwa utosini, nikiwa na kikapu mgongoni, ndiyo ukawa Chebet. Ungekuwa kijana ungekuwa Kibet.

Sasa nikwambie vile niliiona, bila kuficha.

Ilinifaa sana kwa presha yangu. Hakuna mtu anakufa. Hakuna polisi. Watoto wa sekondari wanakaa kwa chumba cha vitu vilivyopotea, wanaletewa glavu moja, au mkebe wa chakula, na wanatafuta ni ya nani na kwa nini iliachwa. Basi. Ile sheria yao niliipenda: kitu hakichukuliwi na mtu wa kutumwa, mwenyewe anakuja kukichukua na anaeleza. Na ile siri ya mwavuli uliofunguliwa ukalazwa chini, mgongo chini, kwa korido ya walimu, nilikosa usingizi. Mimi nilimshuku mlinzi wa lango, kwa sababu anatabasamu bila sababu. Kumbe juu kulikuwa na kiota, na mtu alikuwa anaogopa makinda yataanguka. Baba yako, aliyekuwa amegeukia redio akisema haangalii mambo ya watoto, akasema kutoka nyuma, "Nilijua ni ndege." Hakujua. Na mlinzi nilimshuku tena siku iliyofuata, na ile nyingine, na hakuwahi kufanya lolote.

Makosa pia iko nayo. Soksi nyeupe kwa mvua, na zinabaki nyeupe. Wazilete hapa kwetu Merigi, kwa tope. Halafu hao watoto wanatembea hadi giza na hakuna mtu mzima anauliza wako wapi. Mimi ndani ya blanketi ndiye nilikuwa nawauliza.

Sasa tufike kwa ile jioni ya daraja. Chepng'eno na Kiprotich wamesimama, mvua imepungua. Chepng'eno akafungua mdomo kidogo tu, akafunga, na wewe ukasoma, ukasoma, mpaka nikafikiri Kijapani ni lugha ya kubana maneno vizuri. Ulisoma kwamba anampenda huyo kijana, lakini watu wa kijana wanatoka upande wa ziwa, wanakula samaki, mursik, maziwa yetu ya kibuyu, hawaijui, na mama yake msichana akisikia ataanguka chini. Nikakuuliza, kwani Japani pia kuna watu wa ziwa? Ukasema, "Kila mahali kuna ziwa, Mama." Nikamkasirikia huyo mama. Nikasema, "Huyo mama ni mjinga. Kijana ni mpole, anaosha vyombo bila kuambiwa. Samaki itamfanya nini?"

Ukaniomba nirudie. Nikarudia, tena kwa sauti, nikidhani hukusikia kwa sababu ya mvua.

Baada ya simu ya Jumapili nilichukua ile flashi uliyotuachia nikaenda kwa kina Faith, kwa vile televisheni yao inakubali flashi na yeye Kizungu anakimbia nacho. Nikamwambia anipeleke moja kwa moja kwa daraja. Chepng'eno akafungua mdomo, akafunga. Faith akasoma, "Mvua imeisha, twende." Nikamwambia soma yote. Akasema ndiyo yote. Nikauliza, na mama yake je, na watu wa ziwa? Huyo mtoto akaniangalia kama mtu anayepima kama nina joto. "Mama Chebet, hii katuni haina mama. Hata ziwa haina."

Nilirudi nyumbani polepole. Nikakaa kwa kiti chako, nikafanya kama wale watoto wa kile chumba. Nikakumbuka simu uliyokuwa unaipokea nyuma ya zizi, unasema "adhi maber, adhi maber" huku unacheka, na mimi nikijua ni jina la dawa, kwa sababu unauza dawa. Nikakumbuka wewe, uliyekuwa unaziba pua omena, hao dagaa wa ziwani, ikipita barabarani, ulivyoniuliza kama siku hizi inapatikana hapa sokoni. Halafu nikainua macho, na nyuma ya mlango unaning'inia ule mwavuli mkubwa mweusi wa kiume uliokuja nao ukausahau. Ulisema umeokota. Kwa mpini kumeandikwa kwa wino OCHIENG', na mimi siku zote nilidhani ni kampuni ya miavuli.

Safari hii sikumshuku mlinzi.

Sikudanganyi, Chebet. Niliwaza wajomba zako. Niliwaza kina mama wa kanisa, vile wataniombea bila mimi kuomba. Niliwaza wajukuu wataniita nini, na kama nitaelewa wakiniita. Nikataka kukupigia simu nikuulize kama huko Kisumu wasichana wote wa Bomet wamekosa macho ya kuona vijana wa kwetu. Halafu nikakumbuka vile nilikuwa nimesema kwa sauti, tena mara mbili. Huyo mama nilimtukana mwenyewe. Nitamtetea sasa nikisema nini?

Nikaenda sokoni kwa Mama Akinyi, yule wa kutoka ziwani, mumewe yuko kiwanda cha chai, anauza omena pale kando ya viazi. Nikamuuliza adhi maber ni dawa ya nini. Alicheka mpaka akashika meza. Akasema ni kujibu salamu, ni kusema niko mzima, halafu akauliza, "Ni nani kwako amekuwa mzima hivyo?" Nilimuuliza hayo majina yao huwa yanatoka wapi. Akasema binti yake ni Akinyi kwa sababu alizaliwa asubuhi. Nikamwambia kwetu huyo ni Chepkoech. Tukaangaliana. Nikamuuliza, na Ochieng'?

"Huyo amezaliwa jua likiwaka."

Chebet, mtoto wangu wa mchana. Kumbe huyo ni Kibet. Umeenda mpaka Kisumu kutafuta mtu, ukarudi na jina lako mwenyewe. Nilinunua omena hapo hapo, na mpaka leo iko kwa sufuria inaniangalia, kwa sababu sijui inaanziwa wapi.

Baba yako nilimwambia akiwa anakunywa chai, nikakaa karibu na mlango. Alimaliza kikombe chote. Akauliza, "Ni yule mrefu?" Nikamwambia mrefu ni wa katuni, huyu wa kweli hatujamwona. Akasema, "Basi aje tumwone," akafungua redio. Ilikuwa matangazo ya vifo na akayasikiliza mpaka mwisho, kwa hivyo bado anafikiria. Lakini hakuiongeza sauti kunizima vile hufanya akikataa jambo.

Uliniuliza katuni niliionaje. Niliiona nzuri, kasoro moja tu, mama alikosekana, na wewe ukamweka. Uliweka wa kuogopwa. Ungeweka mimi. Mimi naogopa kila kitu, mvua ya mawe, pikipiki, simu ikilia asubuhi sana, lakini sijawahi kuanguka chini kwa ajili ya mtoto wa mtu.

Mwavuli uko hapa nyuma ya mlango. Usimtume mtu auchukue. Sheria ya kile chumba unaijua: mwenyewe anakuja, na anaeleza. Aje mchana, jua likiwa juu, saa yenu nyote wawili. Na akimaliza kula, nitamwachia sufuria nione kama ataosha bila kuambiwa.

Kaa mzima, mama. Adhi maber, kama hivyo ndivyo inaandikwa.

Ni mimi, yule mjinga wa pale darajani,
Mama yako