Walicheka Mama Alipokohoa

Baile Rua, Kerry
12 Januari 1986

Mwanangu Neasa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Baridi ya Boston inakutendeaje? Mimi mzima, ila goti linanisumbua na ng'ombe mmoja kavimba kiwele.

Sikukuu ya Mtakatifu Brigid inakaribia. Lorcán, yule uliyesoma naye, ndiye mwenyekiti wa kamati sasa. Juzi kaja hapa: "Mzee Dáithí, mwaka huu shairi la kisimani lisemwe baa. Mabasi mawili ya wageni yanatoka Dublin!" Nikamwambia, shairi lile marehemu mama yako alilisema kila mwaka amepiga magoti kwenye tope kando ya kisima cha mtakatifu, na mama yake kabla yake. Si la kuteremshia bia. Akaondoka anacheka. Kijana yule ananitia kinyaa.

Baba yako

Boston
23 Januari 1986

Baba mpendwa,

Shikamoo. Goti lipake ile dawa, acha ubishi. Mimi sijambo, kazi tu.

Usimkasirikie sana Lorcán. Lugha yetu ya mababu inakufa, waache watu waisikie. Aliniandikia kabla ya Krismasi, nami nikampelekea ile kanda niliyomrekodi Mama mwaka wake wa mwisho akilisema shairi. Nilitaka ushtuke kwa furaha. Mama atasikika tena, Baba!

Binti yako Neasa

Baile Rua
4 Februari 1986

Neasa,

Barua yako imefika leo. Sikukuu ilikuwa Jumamosi.

Nilikuwa kisimani na vikongwe watano. Nimefika ubeti wa pili, nasikia sauti ya mke wangu inatoka kwenye vipaza sauti vya baa, wameitia ngoma. Nikaenda. Sakafu inanata bia, mtu katapika mlangoni, wanaume wazima wamevaa ndevu za karatasi za kijani. Mama yako alipofika pale anapokohoa, mmoja akamwigiza. Baa nzima ikaangua kicheko. Hata Lorcán. "Tulia, Mzee, watu wanafurahi!"

Niliichomoa kanda nikaitupa kwenye moto wao. Harufu ya plastiki ile bado iko puani, chakula hakipiti.

Ulijua alivyokuwa anakohoa. Hata hicho uliwapa.

Dáithí

Boston
30 Machi 1986

Baba,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu, mbili hujazijibu. Goti je?

Sikuisikiliza kanda kabla ya kuituma. Sikuweza. Ndiyo maana nilisahau kikohozi. Lorcán kaniandikia kwamba sikukuu "ilifana". Nimeichana barua yake, kisha nikanawa mikono. Nakala nyingine sina. Nisamehe.

Binti yako, kama bado ni wako,
Neasa

Baile Rua
3 Februari 1987

Mwanangu Neasa,

Salamu. Natumai u mzima. Mimi nipo.

Juzi nilipiga magoti kisimani, ubeti wa nne wa shairi ukanitoka kichwani wote. Vikongwe wamebaki watatu. Wakasubiri, mvua inatunyeshea, hakuna hata mmoja aliyeujua. Tukainuka, tukaenda zetu bila kutazamana.

Mwaka mzima nimemchukia Lorcán. Juzi nilikaa nikautazama mkono ulioitupa ile kanda motoni, nikauonea kinyaa kuliko ndevu zao zote za karatasi.

Wewe ulikuwa ukimsikia mama yako akilirudia shairi jikoni kila Januari. Ubeti wa nne unaukumbuka?

Usiuandike. Njoo uuseme.

Baba yako