Nambari ya Mwalimu Wanjiru

Ziwani, Nairobi
Jumapili mchana

Dada Nafula,

Nakusalimu, wewe na shemeji. Goti la Mama linaendeleaje? Mvua imefika huko Webuye? Mimi mwili mzima. Moyo ndio unaoniuma, na sina mwingine wa kumwambia.

Shuleni kwetu Mathare ameletwa mwalimu mpya wa hesabu, Wanjiru, mtu wa Nyeri. Siku yake ya kwanza aliandika ubaoni 73,939,133. Akawaambia watoto hii ni nambari tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Akafuta tarakimu ya mwisho. Iliyobaki, tasa pia. Akafuta tena na tena mpaka ikabaki saba peke yake, na kila mara ni tasa.

"Na hakuna kubwa kuliko hii yenye tabia hiyo," akasema.

Darasa likalipuka. "Ticha, hiyo ni noma!" Dada, miaka minne nimewafundisha watoto wale, na hakuna aliyewahi kunipigia makofi.

Usinicheke. Nilinuia kuivunja nambari ile. Siku mbili niligawanya, chai ikinipoea mezani. Siku ya tatu nikaona 7,393, moja ya zile zilizobaki akifuta, inagawanyika kwa kumi na tatu. Sikungoja. Niliingia darasani Wanjiru akifundisha, nikachukua chaki. "Samahani, Mwalimu. Umewadanganya watoto."

Akinyi, msichana niliyemfundisha kugawanya mimi mwenyewe, akainua mkono. "Ticha, kumi na tatu mara mia tano sitini na nane ni elfu saba mia tatu themanini na nne. Tisa inabaki."

Nikarudia ubaoni. Tisa ilibaki.

Wanjiru hakucheka. "Hata mimi nilikwama hapo," akasema, akanipokea chaki taratibu. Heri angenitukana.

Bado sikukoma. Nilijaribu kuongeza tarakimu mwishoni, nipate kubwa kuliko yake. Za shufwa hazifai, wala tano. Nikiweka moja, tarakimu zote zinajumlika thelathini na tisa. Nikiweka saba, arobaini na tano. Kwa hiyo zinagawanyika kwa tatu. Ila tatu na tisa zilinishinda, ikabidi nimwulize yeye. Akavuta kiti, tukapiga hesabu pamoja hadi kengele. Nazo zikagawanyika. Anaeleza vizuri, Dada. Hilo ndilo linaloniuma.

Ijumaa mwalimu mkuu alituita sote wawili, akaniuliza nani aongoze klabu ya hesabu, ambayo nimeilea tangu ianze. Nikasema, "Wanjiru." Nilitarajia akatae kwa heshima, anirudishie.

"Asante," akasema. "Nitaanza Jumatatu."

Nisalimie Mama, shemeji, na shangazi wa kule mtoni. Mama usimsomee haya. Mwambie tu ninafundisha. Wewe niombee. Kesho nitakaa mstari wa nyuma, na daftari nimeshanunua.

Mdogo wako akupendaye,
Nekesa