Fomu mbili za daktari wa meno

Shosti, uko wapi? Nimetoka kwa daktari wa meno sasa hivi.

Nilikwenda na mama mkwe. Unajua hajui kama navuta. Daktari kanifungua mdomo, mlango uko wazi, akapaza sauti: "Dada, haya ni meno ya mvutaji!"

MVUTAJI! Kule kwenye benchi mama mkwe akainua kichwa. Miaka sita ya kutafuna karafuu, kamwaga mtama kwa sentensi moja.

Kisha daktari akanijazia fomu ya kwenda kwa mshauri wa kuacha sigara, chumba cha pili. Aliponiinamia, koti lake lilinuka sigara kuliko mimi! Kuliko mimi, shosti!

Nikasema moyoni, leo utanitambua.

Alipotoka kufuata ganzi, nikachomoa fomu nyingine mezani. Jina lake nikaandika, namba yake ya simu iko ukutani. Nikaikunja ndani ya yangu, nesi akaja akazipeleka zote mbili kwa mshauri.

Baadaye kidogo, yuko katikati ya jino, simu yake ikaita. Ana glavu, akabonyeza spika kwa kiwiko. Kumbe mshauri wa chumba cha pili:

"Daktari, hongera! Fomu yako imefika. Kwa siku unavuta ngapi?"

Mlango bado wazi. Benchi zima likageuka.

Mama mkwe akasema: "Kumbe na wewe, mwanangu?"

Daktari akanitazama. Mimi pamba mdomoni, macho darini, malaika mtupu.

Darasa la kuacha sigara ni Jumatatu saa tatu. Mama mkwe kasema atanipeleka mwenyewe.

Na daktari tunampitia njiani.